Mwalimu wa Mwisho wa Mwendo

1

Mzee Elinami Mshana aliingizwa ofisini na binti yake kama mtu anayeingizwa ndani ya maji baridi. Aliweka mguu, akasita, akaweka mwingine. Alikuwa mrefu, na kwa sababu ya kuogopa vizingiti alikuwa amejifunza kuinama hata pasipo na kizingiti. Kucha zake zilikuwa bado na rangi ya buluu kwenye pembe, rangi isiyotoka kwa sabuni.

"Shikamoo baba. Karibu, kiti kiko mbele yako," alisema Namkunda.

"Marahaba. Mbele wapi?"

Namkunda akaona aibu. Alikuwa mwelekezi katika Hospitali ya Macho ya Upareni, na kazi yake ilikuwa kuwatafutia watu wenye shida ya macho mtaalamu anayewafaa. Kwa kweli aliyetafuta ni Kitafutio, ile akili bandia iliyokuwa ikijua kila daktari, kila mpasuaji na kila fundi wa miwani kuanzia Ziwa Nyasa hadi Ziwa Viktoria. Mgonjwa alieleza tatizo lake kwa sauti, na kabla hajamaliza kupumua akaambiwa nani atamhudumia, wapi, na gari gani lisilo na dereva litampitia. Namkunda aliwekwa pale kwa ajili ya wazee, ambao hawakupenda kusemeshwa na ukuta. Alisema nacho kwa niaba yao, akawapa chai, akawasindikiza mlangoni.

Binti, Nangasu, ndiye aliyeeleza. Baba yake alikuwa fundi rangi, mchora mabango ya maduka tangu ujana wake. Macho yalipoanza kufifia, hakuwa na wasiwasi, kwa kuwa siku hizi nani ana wasiwasi na upofu? Alikatwa kipande cha ngozi, kikaoteshwa kwenye maji ya maabara mpaka kikawa utando wa nuru, ukashonwa nyuma ya jicho kama wanavyoshonewa wengine wote. Mwili wake ukaukataa. Wakaotesha mwingine. Ukakataliwa pia, safari hii kwa homa iliyokaribia kumwua.

"Madaktari wamesema basi," Nangasu alisema. "Hawezi kushonewa tena. Sasa halali vizuri, hali, hataki kutoka kitandani. Juzi aliniomba nimfungie mlango kwa nje asije akasahau akatembea."

"Siombi macho," mzee alisema, uso akiuelekeza mezani. "Macho nimeshayazika. Naomba mtu wa kunifundisha kukaa bila hayo. Hata kwenda chooni peke yangu. Mtu wa namna hiyo yupo?"

Namkunda akakiuliza Kitafutio: mtaalamu wa kumfundisha mtu mzima asiyeona kutembea, kupika, kujihudumia.

"Hakuna mtaalamu wa kundi hilo," kilijibu kwa ile sauti yake ya upole. "Je, ungependa mpasuaji wa utando? Wapo wengi karibu nawe."

Akabadilisha maneno, akauliza tena. Jibu likawa lile lile. Mara ya tatu Mzee Elinami akainua mkono.

"Iache, mwanangu. Imeshasema."

2

Walimu wa mwendo walikuwepo zamani. Namkunda aliambiwa habari zao na wafanyakazi waliostaafu, aliowapigia simu mmoja mmoja. Walikuwa wakienda nyumba hadi nyumba na fimbo zao nyeupe, wakiwafundisha wasioona namna ya kusikiliza barabara na kuimenya ndizi ya moto. Utando ulipokuja, vijana waliona hakuna haja ya kusomea kazi ya kuwafundisha watu upofu ambao ungeisha wiki ijayo. Vyuo vikafungwa bila kelele wala ubaya. Watu walifurahi, na katika furaha ile hakuna aliyekumbuka kwamba kila dawa ina watu ambao haiwashiki.

Hatimaye mstaafu mmoja alimwambia, "Jaribu Usangi. Naetwe Mbwambo. Kama hajafa, ndiye wa mwisho."

Namkunda alikitajia Kitafutio jina lile. Kitafutio kilimjua Naetwe Mbwambo, tena vizuri sana, ila si kama mwalimu. Alikuwa mgonjwa. Aliugua surua akiwa mtoto mchanga, mishipa ya macho ikalala, na kwa miaka yote utando haukumfaa. Sasa palikuwa na utando wa aina mpya, wenye kuamsha mishipa iliyolala, na wake ulikuwa tayari maabara. Angeshonewa wiki ile ile, hospitali ile ile, ghorofa mbili juu ya kiti alichokalia Namkunda.

Akapanda ngazi kwenda kwa Dkt. Kisanga, mpasuaji.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la koti.

"Ngozi ya Mama Naetwe imezeeka," alisema. "Tulijaribu vipande vingi, kimoja tu ndicho kilichoota. Utando ukishakomaa hauhifadhiki. Usiposhonwa sasa, unakufa, na hakuna mwingine. Baada ya hapo atalala kifudifudi mpaka ushike, asinyanyuke, kisha miezi ya kujifunza kuona. Huyo ndiye unayetaka kumpelekea mzigo wa mtu mwingine?"

"Nataka ajue kwamba anahitajika."

"Unamjua mtu aliyefanya kazi ya kusaidia maisha yake yote? Ukimwambia, umeshamwamulia. Ataacha macho yake kwa ajili ya huyo mzee."

"Na nisipomwambia, daktari, nitakuwa sijamwamulia?"

Dkt. Kisanga aliirudisha miwani machoni. Alikuwa mwanamke mwema, na swali lile halikumfurahisha.

"Mimi sikukatazi," alisema. "Lakini kwa moyo wangu, ningesubiri nishone kwanza."

Namkunda alishuka na maneno hayo. Nyumbani alipika wali ukaungua, mumewe akaula hivyo hivyo. Akiwaza kunyamaza, alimwona Mzee Elinami nyuma ya mlango uliofungwa kwa nje. Akiwaza kusema, alimwona mwanamke asiyemjua akiachia kitu alichokingoja umri mzima. Aliomba apate ishara, akapata usingizi tu. Asubuhi akaita gari.

3

Nyumba ya Naetwe ilikuwa chini kidogo ya barabara, kati ya migomba na kahawa, na mlangoni alikuwa amesimama mwanamume mfupi mwenye kovu la moto lililoanzia sikioni likashuka hadi kidevuni. Ndiye Mbonea, mumewe. Alikuwa akijipima shati jipya mbele ya kioo kidogo kilichotundikwa kwenye msumari.

"Umetoka hospitali?" alinong'ona baada ya salamu. "Nikuulize, mwanangu. Akishaona, ataona na hili?" Akajigusa shavu.

"Ataona, baba."

"Basi." Akavuta kola juu, ikashuka. "Tumeishi vizuri, unajua. Sijui kwa nini anataka kuona."

"Mbonea, usimchoshe mgeni kwa kovu lako!" sauti ilitoka jikoni. "Nalijua kuliko wewe. Pita mwanangu, pita. Kiti kiko mkono wako wa kulia, hatua moja, kina mto."

Namkunda akaketi bila kutafuta. Naetwe alikuwa akikatakata mchicha kwa kasi ya kutisha, uso wake ukiwa ameuelekeza dirishani kama anayesikiliza habari za nje. Wakasalimiana. Akaulizwa ya safari, ya kazi, ya watoto. Kisha kisu kikatulia.

"Mtu wa hospitali hapandi Usangi kunisalimia tu. Utando wangu umekufa?"

"La, mama. Ni mzima. Nimekuja kwa jambo jingine, na nimeambiwa ningoje nisikwambie sasa. Nimeshindwa."

Akamweleza. Alieleza vibaya, kwa kurudi nyuma na kuruka mbele, lakini hakuficha kitu. Alisema utando hautangoja. Alisema mzee hataki kula. Akasema pia kwamba hakuja kumwomba afanye lolote, na wakati huo huo akajua kwamba maneno hayo si ya kweli kabisa.

Mbonea alikuwa amesimama mlangoni, shati jipya likiwa na lebo yake bado.

Naetwe aliusukuma mchicha pembeni.

"Unajua ulichokifanya?" alimwuliza Namkunda.

"Najua, mama."

"Hujui. Nilistaafu nikaona kazi yangu imekufa. Nilifundisha watu kitu ambacho dunia ilisema hakina maana tena, nikarudi hapa kukata mchicha. Sasa unakuja kuniambia kuna mtu analia kwa ajili yake." Akafuta macho kwa kiwiko. "Ungeniambia nikiwa nimeshashonwa, ningekutukana mpaka kijiji kisikie."

"Kwa hiyo utaacha macho?" Mbonea aliuliza, na haikujulikana anaogopa jibu lipi.

"Nani kasema? Mimi ni mtakatifu?" Naetwe akakichukua kisu tena. "Macho nayataka. Nataka kuona mvua, wanasema inaonekana kabla haijasikika. Nitashonwa. Kisha nitalala kifudifudi kama mjusi. Mdomo wangu hautashonwa, sivyo? Basi huyo fundi mniletee huko huko hospitali. Atakaa karibu na kitanda, nami nitamfundisha nikiwa nimelala."

4

Kitanda cha waliopasuliwa kilikuwa na tundu la uso, kwa hiyo Naetwe alifundisha akiongea na sakafu. Macho yalikuwa yamefungwa bandeji nene. Ndani ya kila jicho madaktari walikuwa wameweka povu la hewa, na povu lile ndilo lililoukandamiza utando mahali pake. Akinyanyuka, povu lingehama. Aliambiwa hivyo, akarudia kwa sauti yake mwenyewe kuonyesha ameelewa.

Siku ya kwanza Mzee Elinami aliletwa na binti yake. Alikaa kwenye kiti, mikono mapajani. Naetwe akamwambia habari za Usangi, za mume mwenye kovu anayejipima mashati, akamwuliza rangi ngumu kuchanganya ni ipi.

"Ya ngozi ya mtu," mzee alijibu. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu aketi pale.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu haikai moja. Ina kijani ndani yake, ina zambarau. Watu hawajui."

"Mimi hata kijani sijui. Piga ulimi, Fundi."

"Nifanye nini?"

"Piga ulimi kwenye kaakaa, kama unayemwita mbuzi. Tena. Sasa geuza uso dirishani, upige. Umesikia tofauti?"

Hakusikia. Wala kesho yake. Alikasirika, akaitupa fimbo, ikagonga chuma cha kitanda. Naetwe akasema, "Haya, sasa unajua chuma kiko wapi. Iokote." Na siku moja, katikati ya kulalamika, akapiga ulimi akanyamaza ghafla, akageuza kichwa taratibu kama mtu aliyeitwa.

"Pale pako wazi," alisema. "Mlango umefunguliwa."

Namkunda ndiye aliyekuwa ameufungua, akiwa na birika la chai. Alisimama pale pale, hakutaka kuuvunja usikivu ule.

Toka hapo mzee alianza kula. Alitoka kwenye ukumbi wa wagonjwa, akatembea veranda hadi mwisho na kurudi, akihesabiwa makosa na sauti iliyotoka sakafuni. "Umeburuta mguu wa kushoto! Fimbo inatangulia mguu, haiufuati!" Manesi walianza kuwaombea wale wawili redio izimwe ili wasikie vizuri.

Kisha mvua ya vuli ikaja, yote kwa pamoja, juu ya bati.

Mzee Elinami alikuwa veranda. Mvua iliyafuta masikio yake. Kila ukuta aliokuwa akiujua kwa sauti ukatoweka, na badala ya kusimama, kama alivyofundishwa, aliendelea mbele akitafuta mlango wa ukumbi. Naetwe, kitandani, alikuwa akimfuatilia kwa mlio wa fimbo, kwa masikio yaliyozoea kuuchambua katika kelele. Aliusikia ukigonga saruji, ukigonga saruji, kisha ukigonga kitu chembamba zaidi: ukingo wa ngazi.

"Simama!" aliita. "Fundi, simama hapo!"

Mvua ikaimeza sauti yake.

Namkunda aliwakuta baadaye kidogo, alipokuja mbio baada ya nesi kupiga kelele. Naetwe alikuwa ameketi juu ya ngazi, miguu mitupu, amemkumbatia mzee kwa nyuma, vidole vyake vimekamata koti kiasi kwamba ilibidi vifunguliwe kimoja kimoja. Wote wawili walikuwa wamelowa.

"Mwalimu, umenyanyuka," mzee alikuwa akirudia. "Umenyanyuka, Mwalimu."

5

Dkt. Kisanga alipima macho yote mawili. La kulia lilikuwa limestahimili. La kushoto, utando ulikuwa umeteleza na kujikunja, na hapakuwa na wa kuuweka badala yake.

Hakumlaumu Namkunda. Alimwambia tu matokeo, akamwekea mkono begani, akaenda zake. Ingekuwa nafuu kama angemfokea.

Namkunda aliingia ukumbini, akapiga magoti karibu na tundu la kitanda ili asiongee juu ya kichwa cha mgonjwa. Kutoka hapo aliona kidevu cha Naetwe na ncha ya pua.

"Mama, ningesubiri," alisema. "Ningekaa kimya mpaka utando ushike, ungekuwa na macho mawili."

"Na Fundi?"

Namkunda akaanza kulia.

"Sikiliza. Ulikuja ukaniambia, nikachagua. Niliambiwa nisinyanyuke, nikanyanyuka. Jicho hili nimelitoa mimi mwenyewe kwa mikono yangu, na ni kitu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kumpa mtu. Sasa wewe unakuja hapa unalia, unataka liwe kosa lako. Usiniibie, mwanangu."

Namkunda akalia zaidi, lakini kwa namna nyingine. Naetwe alishusha mkono kutoka kitandani, akapapasa hewani mpaka akapata kichwa chake, akauacha hapo.

6

Siku ya kufungua bandeji Mbonea alikuja na lile shati, akaketi wima pembeni ya ukumbi kama mtu anayengoja hukumu. Mzee Elinami alikuja pia, kwa kuwa Naetwe aliagiza aitwe.

Daktari alitoa kitambaa cha mwisho kwenye jicho la kulia. Naetwe akafumbua. Akafumba upesi, akafumbua tena. Kila mtu alingoja afurahi.

"Ondoeni," alisema kwa hofu. "Ondoeni hiki kitu. Kinaniparamia usoni."

"Ni nini, mama?" Dkt. Kisanga aliuliza.

"Sijui! Kila kitu. Vyote vimebandikwa usoni pangu, vina kelele."

Dkt. Kisanga alikuwa amelitarajia hilo. Aliwahi kuwaambia wote kwamba jicho likiponywa, ubongo haujui bado kusoma kinacholetwa, na angependa kuwa na mtaalamu wa kumsaidia mgonjwa kuvuka hapo, lakini wengi wa wagonjwa wake walikuwa wamewahi kuona zamani na hawakumhitaji. Kitafutio nacho hakikuwa naye. Akamtazama Namkunda. Namkunda akamtazama Mzee Elinami, ambaye tayari alikuwa anasogea, fimbo mbele, akipiga ulimi taratibu mpaka akafika kando ya kitanda.

"Mwalimu," alisema, "acha kutafuta vitu. Hakuna vitu hapo bado. Kuna mwanga na kuna giza. Anza na hivyo. Wapi kuna mwanga mwingi?"

"Huku." Akanyoosha kidole.

"Ananyoosha upande wa dirisha," Namkunda alisema.

"Hilo dirisha. Haliko usoni pako, liko mbali, hata kama linajidai liko karibu. Sasa, chini yake kuna kitu cheusi kwenye sakafu?"

"Kuna shimo."

"Si shimo. Ni kivuli. Nimechora vivuli maisha yangu yote, hakuna mtu aliyewahi kutumbukia. Weka mguu juu yake."

Naetwe alishusha mguu, akaugusisha, akaurudisha, kisha akaukanyaga. Akacheka kicheko kifupi chenye machozi.

"Nataka Mbonea," alisema.

Mbonea alisimama. Alitembea kama mwizi, akakaa mbele yake kwenye kiti cha mzee. Alikuwa amegeuza shavu lenye kovu upande wa ukuta.

Naetwe alimtazama. Uso wake ulikuwa mtupu. Jicho lilizunguka, likapotea, likarudi. Namkunda aliona mikono ya Mbonea ikikunja pindo la shati.

"Simwoni," Naetwe alinong'ona. "Fundi, simwoni mume wangu. Naona madoa tu."

"Uso ndio kitu kigumu kuliko vyote," Mzee Elinami alisema. "Hata mimi ulinishinda miaka mingi. Usiutafute wote. Katika hayo madoa, lipo linalosogea?"

"Mawili juu. Yanafungwa na kufunguliwa."

"Macho yake. Analia labda. Chini ya hayo?"

"Chini kuna moja, limetulia."

"Huo mdomo. Mwambie aongee, utauona unasogea pamoja na sauti. Sauti unaijua. Ishike hiyo ikupeleke."

"Mbonea, ongea," Naetwe alisema.

"Niseme nini?"

"Hapo! Hapo hapo, nimeuona. Usinyamaze."

Mbonea akaanza. Alisema maharage yameshika vizuri mwaka huu. Alisema kuku mwekundu ameatamia nyuma ya tanuri, na jirani Mama Kajiru anawasalimu, na paa la choo linavuja tena kwa ile mvua. Naetwe alisogea karibu, akakunja uso kwa bidii, akiyafuata maneno kwenye midomo. Jicho lake likapanda polepole kutoka mdomoni hadi shavuni, na Mbonea, bila kuacha kuongea, akaugeuza uso wake wote kuelekea dirishani.

Mzee Elinami alirudi nyuma kimya kimya. Akapiga ulimi, akausikia mlango, akaelekea huko. Namkunda aliinuka kumshika mkono, akaona fimbo imeshautangulia mguu. Akaketi tena.

"...na ule mgomba wa karibu na kisima," Mbonea alikuwa akisema, "umeanguka, lakini nimeuegemeza."